Bomba Lililovishwa Maua

Jumatano jioni, mkesha wa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, kijiji cha Tissington, Derbyshire, Uingereza. Watu sita wameuzunguka ubao uliolazwa chali mezani. Urefu wake ni kama wa mlango, upana wake kama wa milango miwili. Uso mzima umepakwa udongo wa mfinyanzi, na juu ya udongo kuna picha, tuseme ya Nuhu na safina yake, iliyotengenezwa kwa petali za maua, mbegu, majani na magome ya miti. Imechukua siku tatu, na wakati wote huo ubao umelala. Kesho asubuhi kasisi atakuja kuubariki, na lazima aukute umesimama.

Wanashika pembeni. Mmoja anahesabu. Wananyanyua.

Kama udongo utateleza, utateleza sasa.

Haukuteleza. Ubao unaegemezwa nyuma ya kisima, unafungwa, na mtu anapita na chupa ya kunyunyizia maji akiziba mapengo ya petali mbili tatu zilizodondoka. Tissington ina visima sita vinavyovishwa namna hii kila mwaka: Hall Well, Hands Well, Coffin Well, Town Well, Yew Tree Well na Children's Well, kile cha watoto. Wanaviita visima, ingawa ni chemchemi zinazotiririkia kwenye mabirika ya mawe. Coffin Well imepata jina lake kwa kuwa birika lake lina umbo la jeneza. Kijiji chenyewe kina watu mia moja na kitu. Baada ya wiki moja picha zote zinakwanguliwa na kutupwa.

Hayo naweza kuyaelewa. Kilichonikera kwa wiki kadhaa ni jambo jingine. Kilomita kumi na kitu kaskazini ya hapo, katika kijiji cha Youlgreave, kazi hiyohiyo hufanyika kila Juni, kwa udongo uleule na petali zilezile, lakini kinachovishwa si chemchemi.

Ni bomba la maji.

Nani anavisha bomba maua?

## Udongo kwanza

Mgeni akiiona picha iliyokamilika huuliza habari za maua. Wanaozitengeneza huzungumza habari za udongo, maana picha nyingi hufia kwenye udongo kabla petali ya kwanza haijachumwa.

Kazi huanza na mbao. Siku saba hadi kumi kabla ya sikukuu hutumbukizwa majini, bwawani au mtoni, zikakandamizwa zisielee. Ubao mkavu una kiu. Ukiupaka udongo utayanyonya maji yote, udongo usinyae, na siku ya tatu picha ipasuke kama jaruba la mpunga lililokosa mvua. Ubao uliokwisha kushiba haunyonyi tena.

Kwenye uso wa ubao kuna mamia ya misumari iliyogongwa nusu tu, vichwa vikiachwa vimetokeza kama sentimita moja na nusu. Hiyo ndiyo meno yanayoung'ata udongo. Penye misumari michache udongo hufanya tumbo: huvimba polepole upande wa chini, kisha kipande kizima humeguka.

Udongo wenyewe huchimbwa, ukachambuliwa mawe, ukachanganywa na maji na chumvi, halafu ukakanyagwa. Unakanyagwa kwa miguu, saa nyingi, mpaka uwe laini kama siagi. Punje moja ya mchanga haionekani kuwa tatizo mpaka kidole kinapojaribu kubandika petali mahali palepale na petali inakataa kushika. Chumvi kazi yake ni kushikilia unyevu, kwa sababu chumvi hupenda maji. Ikizidi nayo ni balaa, itayavuta maji ya petali zenyewe. Ukiuliza vipimo utaambiwa vya kwao, na kijiji cha jirani watakwambia vingine.

Udongo hupakwa kwa unene wa kama sentimita 2.5. Piga hesabu: mita moja ya mraba kwa unene huo ni karibu kilo 45 hadi 50. Ubao wetu wa Nuhu, wenye mita tatu za mraba na ushee, umebeba kilo 150 za udongo peke yake, kabla hujaongeza uzito wa mbao zilizolewa maji. Ndiyo maana Jumatano jioni hakuna anayetania.

## Kama makuti

Picha huchorwa kwanza kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi. Karatasi hutandazwa juu ya udongo ungali mbichi, halafu mtu mwenye sindano au kijiti chenye ncha hupita juu ya kila mstari akitoboa, nukta baada ya nukta. Karatasi ikiondolewa, mchoro umebaki udongoni kama nyayo za siafu.

Kisha mistari hiyo hupewa rangi nyeusi. Zinazotumika zaidi ni koni ndogo za mti wa alda, ngumu na za duara, ambazo huokotwa mapema na kuwekwa akiba. Wengine hutumia buni, wengine pilipili manga. Mstari huu mweusi si pambo tu. Ni ukuta: huzuia bluu ya mbingu isiingiliane na kijani cha mlima, na huzuia petali za upande mmoja zisiteleze kwenda upande wa pili.

Baada ya mistari hufuata vile visivyooza haraka: magome, mbegu, majani magumu, manyoya ya kondoo, ule ukoga wa kijani uotao kwenye mawe yenye unyevu, na kuvumwani, yale magamba ya kijivu yanayoganda kwenye matawi. Kondoo wa kwenye picha huvishwa manyoya ya kondoo wa kweli. Petali huja mwisho kabisa, Jumanne na Jumatano, kwa kuwa ndizo zinazokufa kwanza.

Jinsi ya kubandika petali, mtu aliyewahi kuezeka kwa makuti hana haja ya kufundishwa. Unaanza chini. Safu ya pili huifunika kidogo ya kwanza, ya tatu huifunika ya pili, hadi juu. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya petali bila kupenya. Ukianza juu, kila petali inakuwa kijiko cha kukinga maji, na maji yakiingia nyuma yake udongo unalainika, petali inaanguka na ya jirani inaifuata. Petali ziwe kavu wakati wa kuchumwa, maana zilizolowa umande huoza zikiwa ghalani.

Kila petali hubanwa peke yake, kwa kidole gumba. Mbingu ya picha moja inaweza kula maelfu. Wanaofanya kazi hiyo huketi kwenye ubao uliopitishwa juu ya picha kama daraja, wameinama, na baada ya saa mbili migongo ndiyo inayolalamika.

Sheria ni moja: kila kitu kitoke kwenye maumbile. Hakuna rangi, hakuna plastiki, hakuna karatasi inayong'aa. Hapo vijiji hutofautiana. Vingine hukubali jiwe na makaa, vingine husema lazima kiwe kimeota. Barlow, kijiji kingine cha Derbyshire, hakinyofoi petali kabisa; hutumia maua mazima. Mabishano juu ya kipi ni halali nayaona kuwa sehemu ya sherehe.

## Sikukuu inayohama

Kupaa ni Alhamisi, siku 39 baada ya Jumapili ya Pasaka. Kwa kuwa Pasaka hucheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili, Kupaa nayo huweza kuangukia popote kati ya 30 Aprili na 3 Juni.

Kwa msomaji wa kalenda hizo ni wiki tano tu. Kwa mwenye kutafuta maua, ni misimu miwili tofauti.

Mwaka 2008 ilikuwa 1 Mei. Mwaka 2024 ilikuwa 9 Mei, mwaka 2025 ikawa 29 Mei. Mwishoni mwa Mei bustani za Uingereza zimefurika, na njano haina shida. Mwanzoni mwa Mei, baada ya majira ya baridi yaliyong'ang'ania, watu wanakodoa macho kwenye vitanda vya maua vilivyo na matope tu. Rangi inayosumbua kuliko zote ni bluu, na kila kisa cha Biblia kina mbingu. Haidrenjia ndiyo mkombozi: kichwa kimoja kina petali nyingi, nazo hukaa siku kadhaa bila kusinyaa. Lakini nje huchanua kiangazi, kwa hiyo mwezi Mei hununuliwa zilizokuzwa ndani ya vibanda vya vioo. Bila mfuko wa fedha, hakuna mbingu.

Hilo peke yake lilinifanya nianze kushuku maneno "tangu enzi na enzi" yanayosemwa kuhusu desturi hii.

## Hadithi inayosimuliwa kisimani

Ukifika Tissington utasimuliwa hivi. Mwaka 1348 Kifo Cheusi, ile tauni kuu, kiliingia Uingereza. Vijiji vya jirani vilizika watu, Tissington ikapona, na wanakijiji wakaamini kuwa maji yao safi ndiyo yaliyowaokoa. Tangu hapo wakawa wanavishukuru visima. Kuna na toleo la pili: mwaka 1615 palikuwa na ukame mkali, chemchemi za Tissington hazikukauka, majirani wakaja kuteka hapo. Wapo na wanaorudi nyuma zaidi, hadi kwa Warumi, waliokuwa na sikukuu ya chemchemi na kuzitupia maua.

Niseme wazi, la Warumi silinunui. Sikukuu yao ya chemchemi ilikuwa 13 Oktoba. Kutoka Oktoba hadi Kupaa ni safari ndefu, na hakuna aliyeonyesha njia.

La ukame lina mguu wa kusimamia. Ukame wa 1615 umeandikwa, na aliyeuandika aliishi nao: kuanzia 25 Machi hadi 2 Mei haikushuka hata tone, kisha manyunyu ya hapa na pale mpaka mwanzoni mwa Agosti, nafaka na nyasi zikaungua shambani. Ila maandishi hayo yamo kwenye rejista ya kanisa la Youlgreave, wala hayasemi neno juu ya maua.

Maelezo ya zamani yanayoonekana wazi kuhusu Tissington ni ya katikati ya karne ya 18. Mgeni aliyepita aliona chemchemi zimepambwa mashada, pamoja na kibao cha mashairi yaliyotungwa na mwalimu wa shule, na akaambiwa kuwa kila mwaka siku ya Kupaa kasisi na waumini wake husali na kuimba hapo. Mashada na mashairi. Hakuna udongo, hakuna picha. Mbao zilizopakwa udongo zinatokea katika maandishi ya Ebenezer Rhodes wa Sheffield, mwaka 1818.

Toka tauni hadi yule mgeni wa mashada ni kama miaka mia nne ya kimya.

Kimya si ushahidi kwamba jambo halikuwepo, hilo najua. Wakulima wengi wa karne hizo hawakuacha maandishi. Hata hivyo kuna kijiji kinachonizuia kuikubali hadithi ya tauni, na kipo mkoa huohuo.

## Eyam

Eyam kiko kama kilomita ishirini na tano kaskazini ya Tissington. Wasomaji wengi wa historia wanakijua: tauni iliingia mwaka 1665, inasemekana na viroboto waliokuwa ndani ya mtumba wa nguo kutoka London, na wanakijiji wakiongozwa na kasisi wao, William Mompesson, wakajifungia wasiusambaze ugonjwa nje. Watu kama 260 walikufa kabla haujaisha mwaka 1666.

Jambo ambalo watalii hulipita haraka ni mabirika ya mawe yaliyopo barabarani. Eyam ilikuwa na maji ya chemchemi yaliyoletwa kijijini kwa mfereji na bomba tangu mwaka 1588, miaka 77 kabla ya tauni. Maji safi walikuwa nayo. Hayakumwokoa mtu, kwa kuwa kiroboto hasubiri unywe nini. Nje ya kijiji kuna chemchemi iitwayo Mompesson's Well, ambako watu wa nje waliacha chakula, nao wa ndani wakaacha sarafu majini ili zisafike. Maji ya Eyam yalifanya kazi ya kuosha pesa za watu waliokuwa wakifa.

Na Eyam ilianza kuvisha visima lini? Mwaka 1951.

Kwa siku kadhaa hapo niliona makala hii imekufa. Ikiwa tauni siyo, Warumi siyo, na picha za udongo zina miaka mia mbili na kidogo, basi kilichobaki ni maonyesho mazuri ya utalii yenye hadithi iliyobandikwa baadaye. Reli ilipofika Tissington mwaka 1899 iliwaleta wageni wa kuja kutazama visima. Baadaye ilifungwa na sasa ni njia ya baiskeli. Shaka yangu ilikuwa na chakula cha kutosha.

Kisha nikarudi kwenye bomba.

## Jiwe linalokunywa mto

Sehemu hii ya Derbyshire huitwa White Peak, na weupe wake ni wa jiwe la chokaa. Jiwe la chokaa limejaa nyufa. Mvua inanyesha, na kule Uingereza hainyeshi kidogo, lakini maji hayakai juu. Yanazama. Kuna mito inayotiririka majira ya baridi na kutoweka kiangazi, imeingia chini, imeacha mawe. Mtu wa pwani yetu aliyekulia juu ya matumbawe hatashangaa: mvua kubwa leo, kesho ardhi kavu, na maji yako chini usikoyaona.

Juu ya hilo ongeza wachimba madini ya risasi. Migodi yao ilijaa maji, hivyo wakachimba mahandaki marefu ya kuyatoa. Handaki linapopita chini ya mlima huteremsha maji ya mlima mzima, na kisima kilichokuwa juu yake kinaweza kukauka bila mwenye kisima kujua kwa nini. Maji ya handaki moja la namna hiyo, la Cromford, ndiyo yaliyosaidia kuendesha kiwanda cha nyuzi cha Richard Arkwright kuanzia mwaka 1771. Faida ya mmoja.

Kwa hiyo katika nchi hii chemchemi isiyokauka ni mali. Kijiji kizima kimekaa pale kilipo kwa sababu yake. Huhitaji tauni kueleza kwa nini watu wataiwekea maua. Unahitaji Agosti moja tu.

## Mwaka bomba lilipofika

Sasa tazama tarehe. Wirksworth, mji mdogo wa wachimba risasi kusini mwa eneo hilo, ulipata maji ya bomba mwaka 1827. Watu wakavisha mabomba. Youlgreave wakaleta maji kijijini kwa bomba mwaka 1829 na kujenga katikati ya barabara tangi la mawe la duara. Wakavisha mabomba.

Hakuna anayesema ni Warumi. Hakuna roho ya chemchemi ndani ya chuma. Tarehe ipo, sababu ipo, na sababu yenyewe haina siri: kabla ya hapo, katika Youlgreave, mto uko bondeni na kijiji kiko juu yake. Maji yalipandishwa kwa ndoo, kwa mikono, kila siku. Baada ya hapo yakawa hatua chache kutoka mlangoni. Msomaji aliyewahi kujitwisha ndoo ya lita ishirini akapanda nayo mlima hataomba maelezo zaidi.

Nilikuwa nimeishika hoja kichwa chini. Niliona bomba kuwa nakala hafifu ya kisima, desturi ya kale iliyopoteza maana ikahamia kwenye kitu cha kisasa. Sasa naona bomba ndilo linaloeleza kisima. Hadithi ya tauni ni vazi lililovishwa baadaye, kama petali. Chini yake kuna kitu kizito na cha kawaida: maji yako karibu, na kuna waliokumbuka yalipokuwa mbali.

Youlgreave bado wana kampuni yao ya maji, inayoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Bomba likipasuka, wa kulaumiwa anaishi mtaa wa pili. Nadhani hilo linahusika na uzuri wa picha zao kuliko watu wanavyokiri, ingawa siwezi kulithibitisha.

Kuna shaka moja sijaimaliza. Leo maji ya kila nyumba Tissington hutoka jikoni, kwa kugeuza mkono. Anayekanyaga udongo Jumapili hajawahi kukosa maji siku mbili mfululizo. Je, bado anashukuru, au anatunza ustadi tu? Mwaka 2020 korona ilipofuta sherehe, chemchemi zilitiririka mabirikani vilevile, bila mtu kuzitazama.

## Jumatano nyingine

Picha huanza kufa siku ya tatu. Petali nyembamba hujikunja pembeni na udongo huchungulia. Ndege hudonoa mbegu, kwanza kwenye miguu ya Nuhu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na ardhi. Jua ni adui kuliko mvua: mvua huteremka juu ya makuti yale, jua hukausha udongo kuanzia kwenye kingo, na ufa wa kwanza hutokea kona ya juu. Chupa ya maji huongeza siku moja, labda mbili. Koni za alda hazibadiliki hata kidogo, kiasi kwamba mwishoni mistari myeusi inaonekana vizuri kuliko siku ya kwanza, imezungusha rangi ya kahawia pande zote.

Wiki ikiisha mbao hushushwa. Udongo hukwanguliwa kwa koleo, misumari hukaguliwa, iliyopinda hunyooshwa, iliyooza hung'olewa na mahali pake hugongwa mipya. Mbao huoshwa na kuegeshwa ghalani.

Karatasi ya mchoro, ile iliyotobolewa, ukiishika dirishani mwanga hupita kwenye kila tundu na safina yote huonekana.

Mwaka 2027 Kupaa itaangukia 6 Mei. Bluu itakuwa taabu.